Zambia, Tazara na Lobito: njia mbadala hufa wakati wa amani

Septemba 29, 2025, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa kuikabidhi reli ya Tazara kwa kampuni ya ujenzi ya China, CCECC, kwa miaka 30. Thamani iliyotajwa ni dola bilioni 1.4. Novemba ya mwaka huo huo Waziri Mkuu wa China, Li Qiang, alikuwa Lusaka pamoja na Rais Hakainde Hichilema kuzindua kazi yenyewe. Tangu hapo mjadala umeelekea upande mmoja tu. Vijiweni na redioni habari hii inasimuliwa kama fainali ya mpira: China ina Tazara, Marekani na Ulaya wana reli ya Lobito kule Angola, na Zambia iko katikati inasubiri kuona nani atamzidi mwenzake. Huku kwetu Tanzania kuna wanaoongeza uchungu wa nyumbani. Tuliwapitishia mafuta, tuliwapokea wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika mpaka tukapata maadui, tukajenga nao reli, na leo wenzetu wanaangalia Atlantiki?

Naona usomaji huo umekosea tangu mwanzo. Zambia haichagui kati ya Beijing na Washington, na wala haihami Dar es Salaam. Inachonunua ni uwezo wa kukataa: kumwambia mwenye bandari yeyote kwamba bei yako imezidi, au nchi yako imechafuka, mzigo wangu una pengine pa kupita. Uwezo huo una thamani hata kama njia ya pili haipitishi robo ya mzigo wote. Hatari ya kweli iko mahali ambapo hapazungumzwi. Nchi zisizo na bahari hutafuta njia mbadala wakati wa hofu na kuzitelekeza hofu ikipita, hivyo msukosuko unaofuata huzikuta zimeota nyasi. Tazara ndiyo ushahidi mkubwa wa jambo hilo. Mabomu hayakuiua. Iliuawa na amani.

Zambia ilipata uhuru Oktoba 24, 1964, ikiwa na utajiri wa shaba na reli moja ya maana, ile iliyoteremka kusini kupita Livingstone, ikaingia Rhodesia (Zimbabwe ya leo) na kutokea kwenye bandari za Msumbiji na Afrika Kusini. Makaa ya mawe ya migodini yalitoka Wankie, huko huko Rhodesia. Umeme ulitoka Kariba, na mitambo ya kuufua ilikuwa ng'ambo ya kusini ya mto Zambezi. Mafuta yalishushwa Beira na kupita mikononi mwa Wareno na walowezi kabla ya kufika Lusaka. Novemba 11, 1965, Ian Smith, kiongozi wa walowezi wa Rhodesia, akautangaza uhuru wa walowezi wachache. Nchi iliyokuwa imetimiza mwaka mmoja na siku kadhaa ikajikuta kila kitu chake cha lazima, kuanzia taa ya hospitali mpaka petroli ya lori la unga, kinapita kwa mtu asiyeitakia mema. Kabla mwaka haujaisha mafuta yakakatwa.

Kilichofuata wazee wa Mbeya na Iringa bado wanakikumbuka. Mapipa ya mafuta yalipelekwa Zambia kwa ndege, na mengine yalipakiwa kwenye malori yaliyopita barabara ya vumbi kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya, barabara iliyoua watu wengi kiasi cha kuitwa Njia ya Jehanamu. Mwaka 1968 bomba la mafuta la Tazama lenye urefu wa kilomita 1,710 likafika Ndola. Kwa upande wa reli, Benki ya Dunia ilikuwa imeshapiga hesabu na kusema hailipi. Mwalimu Nyerere na Kenneth Kaunda wakageukia China, wakapata mkopo usio na riba, wakatia saini mwaka 1967. Ujenzi ulianza 1970 na Julai 1976 reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa, ikiwa imetoboa milima kati ya Mlimba na Makambako ambako ukisafiri kwa treni unatoka handaki moja na kuingia jingine kabla macho hayajazoea mwanga. Baadhi ya Wachina waliokufa katika kazi ile wamezikwa Gongo la Mboto. Ile ndiyo njia mbadala kubwa kuliko zote ambazo nchi isiyo na bahari imewahi kujengewa katika bara hili, na sababu yake ilikuwa ya kisiasa kutoka chini mpaka juu.

Hadi hapo ni historia tunayoisimulia kwa fahari, na tuna haki. Ila huwa tunaishia hapo, na sehemu yenye funzo ndiyo inayofuata. Januari 1973 Smith aliufunga mpaka wake na Zambia. Alipotaka kuufungua wiki chache baadaye, Kaunda akakataa kurudi. Ulikuwa uamuzi wa heshima na wa gharama, na uliegemea mambo mawili: kwamba Tazara inakuja, na kwamba reli ya Benguela inayokwenda Lobito ipo. Agosti 1975 vita vya Angola vikaifunga Benguela. Mzigo wote ukaelemea Dar es Salaam, bandari ambayo haikuwa imejengwa kubeba nchi mbili, na reli ambayo ndiyo kwanza inajifunza kutembea. Meli zikasubiri, mabehewa yakakosa kurudi kwa wakati, mbolea ikarundikana bandarini huku wakulima wa Zambia wakitazama mawingu ya mvua. Oktoba 1978 Kaunda akatangaza kuifungua tena njia ya kusini, kupitia kwa Smith yule yule. Mwalimu alihuzunika, na wapigania uhuru walihuzunika zaidi. Kaunda hakuwa amebadili msimamo. Msimu wa kupanda ulikuwa umefika na mbolea haikuwepo. Mwaka uliofuata, Oktoba 1979, makomando wa Rhodesia wakalipua madaraja ya Chambeshi, na Tazara nayo ikakatika.

Kwenye ramani ya miaka ile Zambia ilikuwa na milango minne: kusini, Beira, Lobito na Dar es Salaam. Ardhini ilikuwa na mmoja, na siku nyingine nusu. Kwa hiyo mtu akiniambia leo kwamba Zambia ina njia sita za kufika baharini, swali langu la kwanza ni ngapi kati ya hizo zinaweza kupokea mzigo kesho asubuhi, zikiwa na vichwa vya treni vinavyowaka, mafundi waliolipwa na nafasi gatini. Swali la pili ni ngapi kati yake zinaweza kufungwa na sababu ile ile. Njia mbili zinazopita nchi mbili zenye mgogoro mmoja, ukizihesabu vizuri, ni njia moja.

Baada ya hapo ikaja amani, na amani ndiyo iliyoimaliza Tazara. Namibia ilipata uhuru 1990. Vita vya Msumbiji vilimalizika kwa mkataba wa Oktoba 1992. Mwaka 1994 Afrika Kusini ikapiga kura ya watu wote. Barabara za kusini zikafunguka, Durban ikawa bandari kama bandari nyingine, na sababu ya kisiasa ya kupeleka shaba kaskazini mashariki ikayeyuka ndani ya miaka michache. Mwishoni mwa miaka ya tisini migodi ya Zambia iliuzwa kwa kampuni binafsi. Kabla ya hapo shirika la umma la migodi liliweza kuambiwa na Ikulu, "shaba hii ipite Tazara," na ikapita. Mwenye mgodi mpya aliangalia bei na siku, akaita malori. Reli iliyokuwa ikibeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka katika miaka yake mizuri ilishuka, ikashuka, mpaka mwaka wa fedha wa 2014/15 ikabeba chini ya tani laki moja. Hakuna adui aliyefanya hivyo. Serikali mbili rafiki ziliacha kuweka fedha, kila moja ikitumaini mwenzake ataanza, na hakuna mtu Lusaka wala Dar es Salaam aliyesimama kusema kwamba reli hii ni bima, na bima hulipiwa wakati nyumba haijaungua.

Sasa hofu imerudi. Ukitazama milango ya Zambia miaka ya karibuni, karibu kila mmoja umetikiswa. Machi 2019 kimbunga Idai kiliipiga Beira. Julai 2021 ghasia za KwaZulu-Natal zilifunga barabara kuu ya kutoka Durban na kuisimamisha bandari. Baada ya uchaguzi wa Msumbiji wa Oktoba 2024 maandamano yalifunga barabara na mipaka kwa wiki kadhaa. Julai 2025 Luanda iliwaka kwa bei ya mafuta na watu wakauawa. Oktoba 29, 2025 ikawa zamu yetu. Siku ya uchaguzi mkuu vurugu zilizuka, amri ya kutotoka nje ikatangazwa Dar es Salaam na intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Machungu ya siku zile ni makubwa kuliko habari ya mizigo, na yanastahili makala yake. Lakini kwa mtu wa Kitwe anayengoja kontena, zilikuwa na maana nyingine pia. Forodha ya leo haitembei kwa karatasi. Tangazo la mzigo, malipo ya kodi, ruhusa ya kutoka getini, ufuatiliaji wa lori njiani, vyote viko mtandaoni. Ukizima mtandao umefunga bandari bila kufunga geti.

Ndiyo maana siioni Lobito kama usaliti wala Tazara mpya kama utii kwa China. Na ukizifungua hizo reli mbili kwa ndani, hadithi ya ligi ya mabwana wawili inavunjika yenyewe. Reli ya Benguela, inayoitwa leo mradi wa Wamarekani, ilifufuliwa baada ya vita na kampuni ya Kichina, kazi iliyokamilika 2014. Marekani iliidhinisha mkopo wa dola milioni 553 kwa ajili yake, na Rais Biden akafika Lobito kwenyewe Desemba 2024, lakini reli aliyoikuta ni ile iliyotandikwa na Wachina. Wanaoiendesha ni Trafigura, Mota-Engil na Vecturis, wafanyabiashara wenye mizizi Ulaya wanaobeba mzigo wa yeyote anayelipa. Miongoni mwa shaba ya kwanza kupita humo kwa majaribio, mwishoni mwa 2023, ilikuwa ya mgodi wa Kamoa-Kakula wa Kongo, ambao mmoja wa wabia wake wakubwa ni Zijin ya China. Mwenye shaba haulizi reli ina bendera gani. Anauliza inafika lini.

Kuna jambo jingine ambalo wanaodai Zambia inahama hawaligusi. Mafuta. Tangu 2023 bomba la Tazama linapitisha dizeli iliyokwisha kusafishwa badala ya mafuta ghafi, maana yake Zambia imeamua dizeli yake nyingi ishukie Dar es Salaam na kupanda kwa bomba moja kwenda Ndola. Nchi inayofungasha virago haiweki dizeli ya migodi na ya matrekta yake kwenye kisima cha jirani inayemkimbia. Zambia inafanya vitu viwili kwa wakati mmoja: inazidisha mizizi Dar es Salaam na inafungua dirisha magharibi. Mambo hayo hayapingani. La pili ndilo linaloifanya ithubutu la kwanza.

Mwaka juzi nilishinda siku nzima Tunduma, na nikalala huko bila kupanga kwa sababu gari nililopanda halikuweza kupenya. Foleni ya malori ilianza mbali kabla ya kuuona mpaka. Lori lililokuwa karibu na mgahawa tuliokaa lilikuwa limebeba shaba, na turubai lilikuwa limejikunja upande mmoja nikaiona: mabamba mapana ya rangi ya waridi iliyofifia, yamepangwa kama vitabu na kufungwa kwa mikanda ya chuma. Ukiongeza mabamba kidogo tu ekseli zinazidi uzito, kwa hiyo tela refu lile lilionekana kama tupu. Dereva alikuwa amewasha jiko la gesi chini ya tela, anapika maharage. Alikuwa na siku ya nne. Nilimpa pole ya mzigo kukaa juani. Akanijibu, "Shaba haiozi, kaka. Ninayeoza ni mimi."

Nimekuwa nikiipiga hesabu ya lile tela tangu siku hiyo. Lori moja hubeba tani 30 za shaba, au pungufu kidogo. Zambia ilizalisha karibu tani 820,000 mwaka 2024, sawa na malori zaidi ya 27,000 kwa mwaka, au 75 kila siku, Jumapili na sikukuu ndani yake. Serikali ya Hichilema inataka kufika tani milioni 3 ifikapo 2031. Hayo ni malori 270 kwa siku ya shaba peke yake, kabla hujaweka salfa, mbolea, mitambo na bidhaa za dukani zinazopanda, na kabla hujaweka Kongo, ambayo shaba yake ni zaidi ya tani milioni 3 kwa mwaka na nyingi hutokea Katanga, hapo hapo mlangoni pa Zambia. Hata kama lengo la 2031 litatimia nusu, hakuna barabara ya njia mbili inayopita Kitonga itakayobeba mzigo huo. Siku lori moja likilala kwenye kona za Kitonga, nusu ya kusini mwa Tanzania inasimama. Kwa hiyo hofu kwamba Lobito itatuibia mzigo inadhani mzigo ni ule ule wa jana.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu, na sitaipita haraka. Reli ni biashara ya wingi. Gharama yake kubwa ni ile ile upitishe treni mbili au ishirini, na bei kwa tani hushuka tu mzigo ukijaa. Ukigawa shaba ya Copperbelt, ukanda wa migodi wa Zambia, kwa Dar es Salaam, Lobito, Beira, Walvis Bay ya Namibia na Durban, unaweza kuishia na reli tano zenye njaa, kila moja ikidai ruzuku, badala ya mbili zilizoshiba. Hoja hii ni ya kweli, na mtu anayeshabikia kila ushoroba mpya unaozinduliwa anapaswa kuijibu. Hata Lobito kwa Zambia bado ni ahadi. Reli mpya ya takribani kilomita 800 ya kuiunganisha Chingola na reli ya Angola haijajengwa, na kwa sasa Lobito inaihudumia Kongo zaidi. Jibu langu ni la nusu. Wingi wa mzigo unaokuja unatosha reli mbili nzito, moja kila bahari, na barabara za kusini zikabaki kama zilivyo, kwa sababu tayari zipo na daraja la Kazungula lililofunguliwa Mei 2021 limeshafungua upande ule. Hautoshi tano. Nchi isiyo na bahari inayotaka kila njia iwe kubwa itaishia kuwa na njia nyingi ndogo, na njia ndogo ndizo hufa kwanza. Hapo nakubaliana na wahasibu kuliko wanasiasa.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosikika zaidi kwetu: kwamba majirani wenye undugu na mikataba hawahitaji kujilinda dhidi ya wenzao. Wanaotetea hoja hii hutaja SADC, hutaja Reli ya Uhuru, hutaja Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 ambao unaipa nchi isiyo na bahari haki ya kupita. Haki hiyo ipo, katika kifungu cha 125, lakini kifungu hicho hicho kinasema masharti ya kupita yatakubaliwa kati ya nchi husika, na kinaiachia nchi ya njiani mamlaka kamili juu ya ardhi yake. Kwa lugha ya kawaida: una haki ya kubisha hodi. Aprili 2025 tuliona jinsi undugu unavyokuwa siku ya hasira. Malawi ilizuia baadhi ya mazao kutoka nje, yakiwemo ya wakulima wetu. Tanzania ikajibu kwa kupiga marufuku mazao ya Malawi na Afrika Kusini. Ilisuluhishwa, nashukuru, lakini nchi hizi zote tatu ni wanachama wa SADC, na Malawi haina bahari. Katika siku zile chache kila mfanyabiashara wa Lilongwe aliyeagiza kitu kupitia Dar es Salaam alielewa jambo ambalo hotuba za udugu hazimwelezi. Zambia nayo si malaika. Agosti 2024 iliufunga mpaka wake na Kongo pale Kasumbalesa kwa siku kadhaa kwa sababu ya mgogoro wa bia na vinywaji baridi, na shaba ya Katanga ikabaki upande wa pili. Kila nchi isiyo na bahari ni bahari ya mwingine.

Wanaozungumzia deni la Zambia kwetu nawaelewa zaidi kuliko wanavyodhani. Nchi yangu ilikuwa maskini ilipokubali kubeba mzigo wa jirani yake, na vijana wa mikoa ya kusini walichimba tuta la reli ile kwa majembe. Lakini deni la namna hiyo halilipwi kwa tani. Kama tulijenga Tazara ili Zambia isiwe mateka wa bandari za kusini, hatuwezi leo kulalamika kwamba Zambia haitaki kuwa mateka wa bandari yetu. Ni msimamo ule ule, ila sasa sisi ndio wenye mlango.

Na hapa ndipo naona athari kubwa kwetu Tanzania, kubwa kuliko ilivyo kwa Zambia. Tumezoea kuamini kwamba jiografia imetupa mteja. Bandari inapata mikataba mikubwa, DP World imeingia Dar es Salaam tangu 2024, reli ya kisasa imefika Dodoma, na kila hotuba inataja nchi jirani zinazotutegemea. Neno "kutegemea" ndilo linalotupotosha. Mteja mwenye mlango mmoja huvumilia tozo mpya inayotangazwa Ijumaa na kuanza Jumatatu, huvumilia mizani nyingi njiani, huvumilia siku nne za Tunduma. Mteja mwenye milango miwili huandika barua moja tu, na siku anayoiandika huwa ameshaondoka. Tukitaka shaba ibaki, kazi yenyewe ni ya kuchosha na haina utepe wa kukata: taarifa ya miezi, sio siku, kabla ya kubadili tozo yoyote ya mizigo ya nchi jirani, kituo kimoja cha ukaguzi Tunduma-Nakonde, kilichozinduliwa 2019, kifanye kazi ya kituo kimoja kweli, na mifumo ya forodha na bandari ilindwe isizimwe hata siku nchi ina msukosuko. Hilo la mwisho litagusa watu walio juu ya bandari, najua, lakini hakuna mwenye mzigo atakayesahau Oktoba 2025 kwa sababu sisi tumeamua kutoizungumza.

Kwa Zambia, jambo ninalolisubiri kuliona kwenye makubaliano yake, yote mawili, ni nani analipa miaka ambayo treni haijai. Mwekezaji aliyechukua reli kwa miaka 30 atafanya alichofanya mwenye mgodi wa miaka ya tisini: ataangalia bei na siku. Kama kusini kutatulia, Durban ikapunguza gharama, na Lusaka ikawa haina hofu tena, hakuna kitakachomzuia kuiacha njia moja izeeke. Dawa inajulikana kwenye biashara ya umeme na ya gesi. Unaahidi kiasi cha chini cha mzigo kila mwaka, na usipokipeleka unalipia. Ni fedha zinazouma, na waziri wa fedha yeyote ataulizwa bungeni kwa nini analipia behewa tupu. Ajibu kwa kutaja mbolea ya 1978.

Sisi tuna jambo la karibu zaidi. Mpango wa Tazara ni wa takribani miaka mitatu ya kuifumua na kuijenga upya njia. Katika miaka hiyo treni hazitapita kama kawaida, na tani ambazo bado zinatumia reli zitashuka kwenye malori au zitakwenda kwingine. Mwenye shaba akienda Beira au Walvis Bay kwa miaka mitatu, atakuwa amesaini mikataba, amepanga ghala, amezoea wakala wa kule na meli za kule. Reli mpya itakapomaliza kukaguliwa, atakuwa na sababu ndogo sana ya kurudi. Kwa hiyo mzigo wa mwaka 2030 unagombewa sasa hivi, kwenye barabara ya Tunduma, kabla pancha la lori moja halijageuka kuwa foleni ya siku nne nyingine.